Mwongozo kamili: kujua stempu yako ya Ngome ya Edinburgh ni ya chapa ipi

Picha ninayotumiwa na wasomaji ni ileile kila mara. Stempu kubwa ya buluu, ngome juu ya mwamba, sura ya Malkia Elizabeth II pembeni, thamani shilingi 10 za zamani za Uingereza. Chini yake pameandikwa: "Yangu haina alama ya maji, kwa hiyo ni ile ya 1968, sivyo?"

Mara nyingi sivyo. Alama ya maji, yaani umbo lililofichwa ndani ya karatasi yenyewe, ipo, ila aliyeitafuta hakuiona. Kosa hili linajirudia mno, hata kwa watu waliokusanya stempu kwa miaka, kwa sababu wanajifunza kuitafuta alama bila kujifunza namna ya kuhakikisha kwamba kweli haipo. Mwongozo huu unaanzia kwenye bahasha na kuishia kwenye maandishi utakayoweka chini ya stempu yako. Hatua ya 6 ndiyo ndefu kuliko zote, na wengi huteleza hapo.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa stempu

- Kibano cha stempu, chenye ncha bapa na laini. Kibano cha nyusi kina ncha kali, kinatoboa karatasi.
- Sahani nyeusi ya kioo au ya kauri. Epuka plastiki, kwani kimiminika utakachotumia kinaweza kuiyeyusha.
- Kimiminika cha kuonyeshea alama ya maji kinachouzwa kwa wakusanyaji, au benzini nyepesi ya kujazia viberiti vya utambi. Si gesi, na si petroli ya gari: hiyo ina mafuta na viungo vingine vinavyoacha doa.
- Bakuli pana la maji safi yasiyo ya moto.
- Karatasi ya kufyonza, nyeupe, isiyo na nakshi wala rangi.
- Kitabu kizito ambacho hutakihitaji kwa siku mbili.
- Kioo cha kukuzia, kinachokuza mara 10 kikiwezekana.
- Kipimo cha matundu ya ukingo wa stempu, ile kadi yenye safu za nukta.
- Stempu mbili za kulinganishia. Usiache hizi. Nitazieleza sasa hivi.

### Kwa nini stempu mbili za kulinganishia

Ya kwanza iwe ya shilingi 2 na peni 6 kutoka seti hiyohiyo ya stempu za ngome, ile yenye Ngome ya Carrickfergus, rangi ya kahawia iliyokolea. Ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote katika seti na inapatikana kwa urahisi. Chagua iliyogongwa muhuri wa posta wenye tarehe inayosomeka, kati ya 1955 na 1958. Kwa tarehe hiyo lazima iwe na alama ya maji.

Ya pili iwe moja ya zile stempu za thamani kubwa zenye kichwa cha Malkia peke yake, zilizoanza kuuzwa tarehe 5 Machi 1969 kuchukua nafasi ya seti ya ngome. Hizo zilichapwa na kampuni ya Bradbury Wilkinson kwa njia ileile ya sahani za kuchonga, nazo hazina alama ya maji.

Sasa unayo ndiyo moja na hapana moja, zote una uhakika nazo. Stempu yako itasimama kati yao.

## Majibu matano yanayowezekana

Stempu ya Edinburgh ya shilingi 10 ilitoka tarehe 1 Septemba 1955, ikaendelea kuchapwa hadi mwisho wa miaka ya 1960. Mchoro haukubadilika. Kilichobadilika ni kampuni ya uchapaji na karatasi:

- Waterlow and Sons, 1955 hadi 1957: alama ya maji ni taji la Mtakatifu Edward pamoja na E 2 R, yaani Elizabeth II Regina (Malkia).
- De La Rue, kuanzia 1958: alama ileile.
- De La Rue, kuanzia 1959: mataji matupu, bila herufi.
- Bradbury Wilkinson, kuanzia 1963: mataji matupu.
- Bradbury Wilkinson, 1968: hakuna alama yoyote.

Tazama vizuri. Majibu ni matano, lakini alama ya maji inakupa makundi matatu tu. Anayetaka alama peke yake imtajie jina la mchapaji anaitwisha mzigo usio wake.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni stempu yenyewe

Uingereza haiandiki jina la nchi kwenye stempu zake, sura ya mfalme au malkia ndiyo utambulisho. Kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta neno hilo.

Soma thamani. Ngome ya Edinburgh ilirudi tena tarehe 18 Oktoba 1988 kwenye stempu ya pauni 2, kutokana na picha zilizopigwa na mwana wa Malkia, Andrew, wakati huo Duke wa York. Hiyo ni ya buluu nzito inayokaribia nyeusi, na haina alama ya maji. Mkanganyiko mwingi unatoka hapa: mtu anasoma maelezo ya stempu moja huku ameshika nyingine.

Kisha pima matundu. Laza stempu juu ya kadi, sogeza mpaka nukta zilingane na matundu kutoka kona hadi kona. Namba inayopatikana ni idadi ya matundu ndani ya sentimita 2. Ya 1955 husoma 11 juu na chini, 12 pembeni. Ya 1988 husoma 15 kwa 14.

Umefaulu ikiwa thamani ni shilingi 10 na matundu yanalingana na 11 na 12 kwenye urefu wote wa ukingo. Yakilingana nusu tu na kuachana, ama kadi imepinda, ama ukingo umekatwa na kutobolewa upya. Stempu ya namna hiyo iweke kando.

## Hatua ya 2: Amua kama itoke kwenye bahasha

Ukiona muhuri wa tarehe 1 Septemba 1955, weka mkasi chini. Hiyo ni bahasha ya siku ya kwanza, na thamani yake iko kwenye umoja wa bahasha, stempu na muhuri.

Hata bila tarehe hiyo, bahasha nzima yenye stempu ya shilingi 10 ni nadra kuliko stempu yenyewe. Shilingi 10 zilikuwa nusu pauni, yaani peni 120. Mwaka 1955 barua ya kawaida ya ndani ya Uingereza ililipiwa peni 2 na nusu, kwa hiyo stempu moja kama hii ingetosha barua 48. Ndiyo maana nyingi zilibandikwa kwenye vifurushi, na karatasi za vifurushi zikatupwa. Bahasha iliyosalia inaeleza nani alilipa nini na kwa nini, hadithi ambayo stempu iliyong'olewa haiwezi kuisimulia.

Na ikiwa stempu haijatumika, gundi yake bado ipo mgongoni, usiiloweke kabisa. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5. Benzini haiyeyushi gundi hiyo, maji huiyeyusha yote.

## Hatua ya 3: Loweka

1. Kata karatasi kuizunguka stempu, ukiacha nafasi ya sentimita moja kila upande. Ukikata karibu zaidi utakata meno ya ukingo, na meno hayaoti tena.

2. Tenga vipande vya bahasha za rangi, hasa nyekundu, zambarau na kahawia. Karatasi hizo huchuja rangi. Niliwahi kuloweka stempu tisa pamoja na kipande kimoja cha bahasha nyekundu, na zote tisa zikatoka na wekundu ambao haujaondoka hadi leo. Kila kipande cha rangi kiwe na bakuli lake na maji baridi.

3. Weka stempu majini uso ukiwa juu, zisilaliane. Maji yawe ya kawaida. Ya moto huharakisha kazi, lakini pia hulegeza wino wa muhuri na kuuhamishia kwenye stempu jirani.

4. Subiri dakika 15 hadi 30. Usivute. Stempu ikiwa tayari huteleza yenyewe ukiigusa kwa upande wa kidole. Ikigoma, irudishe majini. Ukilazimika kubandua, vua karatasi kutoka kwenye stempu, usivue stempu kutoka kwenye karatasi. Kinachopindika ndicho kinachochanika, basi ipindike bahasha.

5. Badilisha maji, kisha suuza mgongo wa stempu kwa kidole mpaka utelezi wote uishe.

Suuza hiyo ya mwisho wengi huiona ya ziada. Gundi iliyobaki, hata utando usioonekana, huzuia kimiminika kupenya karatasi sawasawa. Hatua ya 6 huanza kuharibika ukiwa bado hapa kwenye bakuli.

Umefaulu ikiwa mgongo ukiwa na maji haunati wala hautelezi, na ukiuinamisha kwenye mwanga hauoni sehemu inayong'aa kuliko nyingine.

## Hatua ya 4: Kausha

Laza stempu uso chini kwenye karatasi ya kufyonza. Uso chini, kwa sababu mabaki ya gundi yakiwepo yatashika karatasi ukiigeuza. Iache ikauke kwa hewa mpaka ianze kujikunja kidogo, kisha iweke kati ya karatasi mbili kavu ndani ya kitabu kizito kwa siku mbili.

Usitumie pasi wala jua. Stempu hii ilichapwa kwa sahani za kuchonga: wino umekaa juu ya karatasi kama vinundu vidogo, na ukipitisha ncha ya kidole taratibu unavisikia. Joto na mgandamizo wa pasi huvilaza vinundu hivyo.

## Hatua ya 5: Kagua kasoro kabla ya kimiminika

Ishike stempu mbele ya taa. Hutafuti alama ya maji sasa. Unatafuta vitu viwili.

Matundu yanayounda herufi. Makampuni mengi ya Uingereza yalitoboa vifupisho vya majina yao kwenye stempu ili wafanyakazi wasiziibe, na stempu ya nusu pauni ilikuwa kishawishi. Muhuri mzito unaweza kuyaficha kabisa. Kuna wanaozikusanya hizo peke yake, kwa hiyo si takataka, ila iandike.

Sehemu zilizokonda. Mtu akibandua stempu vibaya, tabaka la karatasi hubaki kwenye bahasha. Chora kwenye kipande cha karatasi mahali pembamba palipo. Usipofanya hivyo, dakika kumi baadaye utaliona doa jeusi kwenye sahani na kuliita taji.

## Hatua ya 6: Alama ya maji

### Kwa nini taa peke yake haitoshi

Alama ya maji si wino. Karatasi ikiwa bado mbichi kiwandani, roli yenye umbo la alama hupita juu yake na kuifanya iwe nyembamba kidogo pale umbo linapogusa. Tofauti hiyo ni ndogo sana. Ukiishika stempu hii kwenye mwanga, mistari minene ya buluu ya mwamba na kuta, pamoja na muhuri mweusi, hufunika kila kitu. Jicho linaona ngome, halioni taji.

Kimiminika hujaza nafasi kati ya nyuzi za karatasi, na karatasi inaanza kupitisha mwanga. Pale ilipo nyembamba, weusi wa sahani hupenya zaidi, na alama inajitokeza kama kivuli.

### Tahadhari

Benzini hushika moto haraka na mvuke wake unaumiza kichwa. Fungua madirisha. Kusiwe na jiko linalowaka, mshumaa, sigara wala hita. Tumia matone, usimimine, na funga chupa kila baada ya kuchukua.

Usijaribu njia hii kwa stempu yoyote ya Uingereza utakayoikuta. Wino wa stempu za kuchonga, kama hizi za ngome, huvumilia vizuri. Wino wa zile zilizochapwa kwa fotogravia, yaani nyingi za thamani ndogo, unaweza kuharibika.

### Utaratibu

1. Weka stempu ya kulinganishia ya Carrickfergus uso chini kwenye sahani nyeusi. Tone matone mawili au matatu mpaka mgongo wote ulowe bila kuelea.

2. Taa isiwe juu ya kichwa chako. Iweke upande mmoja, chini, mwanga upite kwa mlalo. Zungusha sahani polepole mpaka mng'ao wa kimiminika uondoke machoni.

3. Tafuta mataji na herufi. Kumbuka uko nyuma ya stempu, kwa hiyo E 2 R zitaonekana zimegeuka kama kwenye kioo. Usitegemee kuona kila kitu kikiwa kizima. Alama hii hurudiwarudiwa kwenye karatasi nzima, na stempu hupata mataji mazima machache na vipande vya mengine.

4. Usipoiona, simama hapo. Tatizo ni taa, sahani au kiasi cha kimiminika, maana alama tunajua ipo. Rekebisha mpaka uione. Usiiguse stempu yako ya Edinburgh kabla ya hapo.

5. Sasa weka stempu ya 1969. Tazama jinsi karatasi isiyo na alama inavyoonekana: kijivu cha usawa, pengine mabaka ya nyuzi, bila umbo linalojirudia. Ikae machoni. Wengi wamekisoma kijivu hiki kama "labda taji" kwa sababu hawakuwahi kuliona hapana halisi.

6. Mwisho, weka stempu yako, kwa taa ileile, pembe ileile, kiasi kilekile.

7. Usiondoe macho kimiminika kinapokauka. Alama ngumu mara nyingi hujitokeza kwa sekunde chache mwishoni, karatasi inaporudi kwenye weupe, kisha hupotea. Waliokosea wengi walikuwa wameshageuka kufunga chupa wakati huo.

8. Rudia mara tatu, ukizungusha stempu robo kila mara. Alama inaweza kuwa imepinduliwa kichwa chini, na jicho linalotarajia taji lililosimama hulipita lililolala.

### Ukiona umbo moja tu mahali pamoja

Linganisha na mchoro wa hatua ya 5. Sehemu iliyokonda ni doa la pekee lenye kingo zisizo na mpangilio. Alama ya maji hujirudia, na umbali kati ya taji na taji ni uleule.

### Mataji yapo, herufi sina hakika

Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kila jibu lina kundi lake la wachapaji. Usitafute herufi nzima, tafuta mistari iliyonyooka. Taji lote ni mapinde na nukta, lakini E ina mgongo ulionyooka na mikono mitatu. Ukipata mstari mmoja mnyofu kati ya mataji, umeshaipata karatasi ya 1955 hadi 1958. Herufi hizo zilipoondolewa, Waskoti wengi hawakuzililia. Elizabeth wa kwanza hakuwahi kutawala Uskoti, na namba hiyo 2 iliwaudhi tangu 1952. Ilikuwa imekaa ndani ya karatasi yenye ngome yao.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema moja kati ya haya bila kusita: mataji na E 2 R, mataji matupu, au kijivu kitupu kama cha 1969 katika majaribio yote matatu. "Sikuona vizuri" pia ni jibu. Kinachofuata ni kusuuza mgongo tena, kukausha, na kurudia kesho.

## Hatua ya 7: Kutoka alama hadi jina la mchapaji

Mataji na E 2 R. Soma mwaka kwenye muhuri. Ikiwa ni kabla ya 1958, ni Waterlow, hakuna mjadala, kwa kuwa De La Rue walipokea kazi mwaka huo. Ikiwa ni 1958 au baadaye, inaweza kuwa ya yeyote kati yao, maana stempu za Waterlow ziliendelea kutumika kwenye madirisha ya posta na majumbani. Andika "Waterlow au De La Rue". Mkusanyaji makini atakuamini zaidi kwa hilo.

Mataji matupu. Muhuri wa kabla ya 1963 unamaanisha De La Rue. Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia, nenda kwenye taji la Malkia. Kazi ya Bradbury Wilkinson ni safi zaidi, na mistari midogo ya taji inaonekana mmoja mmoja. Ukiwa na stempu moja tu ni vigumu kuhukumu. Tafuta yenye muhuri wa 1960 au 1961 uziweke pamoja.

Hakuna alama. Muhuri sasa ni shahidi dhidi yako. Ukisoma mwaka wowote kabla ya 1968, rudi hatua ya 6, kwa sababu stempu haiwezi kutumika kabla ya kuchapwa.

Na rangi? Waterlow wana buluu yao, De La Rue buluu iliyofifia kidogo, Bradbury Wilkinson buluu inayong'aa. Yote ni kweli, na yote hayafai kuwa ushahidi wa kwanza. Jua, maji na miaka vimeibadilisha buluu hiyo kwa njia tofauti kwenye kila stempu. Mimi huitazama rangi mwisho kabisa, nikiwa tayari na jibu, kuona kama inanipinga. Na picha ya simu isitumike kabisa kwa hili.

## Hatua ya 8: Andika, kisha hifadhi

Andika kwa penseli laini kwenye karatasi ya albamu, kamwe si mgongoni mwa stempu. Weka mambo manne: alama uliyoiona, mwaka wa muhuri, mchapaji au wachapaji wanaowezekana, na kasoro. Mfano: "Mataji matupu. Muhuri 1961. De La Rue. Pembamba kona ya chini kulia."

Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, kwani aina hiyo hutoa kemikali zinazogeuza rangi. Albamu isimame wima kama kitabu rafuni. Zikilazwa nyingi moja juu ya nyingine, uzito huvibana vinundu vya wino, vilevile ambavyo hukuvipigia pasi.

Ile Carrickfergus na ile ya 1969 usizirudishe kwenye albamu. Ziwekee bahasha ndogo, uandike juu yake "ndiyo" na "hapana", uitie kwenye droo moja na sahani nyeusi.